Magunia ya Bwana Nawa

Mume wangu hanywi chai kabla hajanusa kikombe. Si chai anayoinusa, ni kikombe. Anakigeuza, anapitisha pua ukingoni, anachungulia ndani kama mtu aliyedondosha kitu kisimani, kisha ndipo ananiruhusu nimimine. Tumezeeka pamoja, watoto wamekua na kwenda zao, na bado kila asubuhi vikombe vyangu vinakaguliwa. Ukimuuliza anajibu kwa upole, "Si wewe, mke wangu. Ni mimi tu. Nina kinyaa."

Na kweli anacho. Hashiki noti iliyolowa jasho. Hampi mkono mtu aliyetoka kupiga chafya. Unywele mmoja ukionekana kwenye mchuzi, siku hiyo hali tena. Kazi yake ni kuoka mikate, tanuri lake liko uani, nyuma ya nyumba yetu, na vijana wake wakifika alfajiri hawaulizwi habari za walikotoka, wanaulizwa, "Umenawa?" Mwenye duka akija kuchukua mikate, "Umenawa?" Siku moja alimuuliza hivyo fundi aliyekuja kusoma mita ya maji. Basi vijana wakambatiza Bwana Nawa, jina likaruka ukuta, likatapakaa mtaa mzima. Analijua na analipenda. Anadhani ni sifa.

Anayesugua choo cha nyumba hii ni mimi, lakini hayo tuyaache.

Mama yangu mzazi alianguka jikoni kwake. Macho yake yamefifia siku hizi, watu anawaona kama vivuli, na alikuwa akiishi peke yake tangu baba afariki. Peke yake na mbwa. Alilala sakafuni tangu asubuhi hadi jua linazama, hawezi kuinuka, na yule mbwa akasimama mlangoni akabweka mpaka sauti ikamkauka na majirani wakachoka kukasirika, wakaja kuona kulikoni. Habari ilipotufikia, mume wangu ndiye aliyesema kwanza, "Mama aje akae kwetu." Hilo nampa, simnyimi haki yake. Ila alisahau kuuliza kama mama anakuja na mtu.

Mama alikuja na Diwani. Jina hilo lilitolewa na marehemu baba, kwa sababu mbwa huyo tangu utoto wake alikaa mlangoni na tumbo lake, akasikiliza shida za kila apitaye, asifanye lolote. Ni mnene, mfupi wa miguu, na ngozi aliyopewa ilikatwa kwa kipimo cha mbwa mwingine mkubwa zaidi. Imejikunja shingoni, imejikunja usoni, imejikunja hata penye mzizi wa mkia. Mume wangu alipomwona anashushwa garini alirudi hatua nzima nyuma. Lakini mkwe ni mkwe. Akameza mate, akasema, "Karibuni."

Halafu akafanya jambo lililonifanya nimsifu mbele ya dada zangu. Hakutaka mbwa alale kwenye mikeka yetu, akaenda stoo ya unga, akaleta magunia ya kitambaa, meupe, yamekunjwa vizuri, akayatandika kando ya kitanda cha mama. "Haya ni safi," akamwambia. "Hayajabeba kitu ila unga." Akawa anayabadilisha mwenyewe, kila wiki anatoa ya zamani na kutandika mengine. Mama akamwombea dua ndefu.

Kisha Diwani akaanza kujikuna. Mwanzoni tulidhani ni viroboto, tukamtafuta kiroboto mpaka katikati ya vidole, hatukumpata hata mmoja. Akaendelea kujikuna. Vikatokea vipele tumboni, vidogo, vyekundu, kila kimoja na kitone cha usaha juu yake. Vikapasuka, vikaacha maduara ya magamba yanayobanduka pembeni, na manyoya yakawa yanang'oka kwa mafungu. Ukimpapasa, unabaki na fungu mkononi na kigozi kimening'inia upande wa chini. Na harufu! Maziwa yaliyosahauliwa juani na soksi ya mtu mzima, vikafungiwa pamoja kwenye kopo. Ilikaa kwenye mapazia. Nilikuwa nikienda sokoni nahisi watu wananusa nguo zangu, na pengine walikuwa wananusa kweli.

Baya zaidi ilikuwa kule kujilamba. Tunakula chakula cha jioni, nyumba kimya, na kutoka chumba cha mama inasikika chlap, chlap, chlap, bila kuchoka, na wewe unajua anacholamba. Mume wangu akaweka kijiko chini. Kesho yake akawa anakula uani, amesimama karibu na tanuri.

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, mwanamke mwenye kucha fupi na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na viziwi. Akamgeuza Diwani tumbo juu, akaminya kipele kimoja kwa kidole chenye glavu, kikatema. Mimi nikatazama dari.

"Hii ni bakteria," akasema. "Wanakaa kwenye ngozi ya kila mbwa. Ngozi ikiwa nzima hawana neno. Ikichokozwa, ndipo wanapata mlango wa kuingilia. Nawapa vidonge na shampuu. Povu likae mwilini dakika kumi ndiyo msuuze, si kumpaka na kumwaga maji hapo hapo. Na vidonge mvimalize, hata mkiona amepona. Hasa mkiona amepona."

Alipona haraka. Ikapita muda kidogo, chlap, chlap ikarudi.

Mume wangu ndiye aliyegundua. Mama alikuwa ameomba atafutiwe kifungo, yeye akafungua kopo la vifungo, na humo ndani akakuta vidonge vya mbwa, karibu nusu ya vyote, vimefungwa kwenye kitambaa safi.

"Mama," akasema, amejizuia mpaka masikio yamekuwa mekundu, "hivi ni nini?"

"Nimemwekea akiba, baba. Ngozi ilishakauka. Nikasema, ugonjwa ukirudi tusihangaike."

"Mama, dawa haiwekwi akiba! Si chumvi hii!"

"Na lile povu," mama akaendelea, maana yeye akianza kukiri anamaliza yote, "nilikuwa namsuuza upesi. Anatetemeka, baba. Anatetemeka mpaka meno yanagongana."

Basi Bwana Nawa akatwaa madaraka. Daktari akatupa dawa upya, na safari hii ya pili ikasimamiwa kijeshi. Asubuhi na jioni anasimama mlangoni, kitambaa puani, anahesabu vidonge vikiingia mdomoni mwa mbwa, naye mwenyewe hamgusi. Anayemgusa ni mimi. Anayemwogesha ni mimi, nimepiga magoti bafuni, povu limefika viwikoni, magamba yananiingia chini ya kucha, na mume wangu kutoka mlangoni ananielekeza, "Pale kwenye mkunjo. Panua mkunjo. Ndani zaidi." Nilitamani kumrushia ndoo. Siku hizo Diwani alikuwa akilala palepale bafuni kwenye vigae vitupu, kwa kuwa alikuwa hakauki, na mama alilalamika kwamba hamsikii akipumua kando yake.

Vidonge vikaisha, vyote hadi cha mwisho. Manyoya yakaota. Mbwa akang'aa, nasema kweli, akang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mume wangu alifurahi akapiga mluzi. Akaenda stoo akaleta magunia mengine, yaliyomwagwa unga siku ileile, akayakung'uta mlangoni, akayatandika kando ya kitanda cha mama, akasema, "Diwani arudi barazani." Tulicheka. Mama alicheka mpaka akajifuta macho.

Mwezi haukuisha ugonjwa ukarudi. Safari hii haikuanzia tumboni, ilianzia shingoni, ndani ya ile mikunjo. Nilimwona anaburuza shingo ukutani, anaacha mstari unaong'aa kwenye rangi. Nikamshika, nikapanua mkunjo kwa vidole viwili. Ulifunguka kama mdomo. Ndani kulikuwa kubichi, kumelowa, usaha wa kijivu umejipanga kwenye mfereji, na mvuke wa moto ukanipiga usoni. Nilikimbilia sinki la jikoni, na sikuwahi kulifikia.

Mwenye duka mmoja akaja kuchukua mikate, akasita. "Nasikia huku ndani mnafuga mbwa mwenye ukoma," akasema. Pilipili ya shamba yamwashia nini, lakini ndiyo ulimwengu. Siku ile alichukua mikate pungufu, na kesho yake hakuja kabisa. Mume wangu hakuuliza mtu kama amenawa siku hiyo. Jioni alivaa shati safi, akabisha hodi chumbani kwa mama, akasimama mikono nyuma.

"Mama, nakuheshimu. Unajua nakuheshimu. Lakini mimi nalisha watu. Tumejaribu, na dawa zimekataa. Naomba huyu mbwa apigwe sindano, alale salama."

Mama alikuwa amekaa kitandani, mkono wake juu ya kichwa cha Diwani, palipobaki pazima. Hakulia.

"Sawa, baba. Nyumba ni yako. Akishapigwa sindano, nirudisheni kwangu."

"Mama, kule utakuwa peke yako."

"Peke yangu, ndiyo. Siku niliyoanguka hamkunisikia ninyi. Alinisikia yeye."

Nilitoka nikaenda kusimama bafuni, nimefunga mlango. Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa. Mama yangu anaposema neno kwa sauti ndogo, limekwisha. Angerudi kwenye ile nyumba, angeshika kuta kutafuta jiko, angeanguka tena, na safari hii kusiwe na wa kubweka. Na mume wangu naye nilimjua: akishavaa shati safi, harudi nyuma. Nikamchukia. Nikamchukia na mbwa pia, na usaha wake. Wote wawili walinitia kinyaa, sijui nani zaidi.

Asubuhi tukatoka. Mama aliomba gunia jipya. "Nimfunge humu," akasema, "asichafue gari lako, baba." Mume wangu akaleta gunia bila kumtazama usoni.

Daktari alisikiliza habari ya sindano. Akamlaza Diwani mezani, juu ya gunia lake. Mama akasimama kichwani, mimi miguuni, mume wangu mlangoni na kitambaa chake.

"Kabla sijamchoma, nijue kwa nini namchoma," daktari akasema. "Safari ya pili dawa mlimaliza?"

"Mimi mwenyewe nimesimamia," mume wangu akajibu.

"Akapona?"

"Akapona."

"Usaha ulikauka. Kuwashwa je, kulirudi lini?"

Hapo ndipo mama, ambaye haoni, akajibu lile ambalo sisi wenye macho hatukuliona. "Bafuni alikuwa hajikuni. Namsikiliza, naijua hata pumzi yake. Akirudi chumbani kwangu, siku chache tu, anaanza."

"Chumbani analala juu ya nini?"

"Magunia safi," akasema mume wangu, na kifua kikatangulia mbele kidogo. "Nayatandika mwenyewe. Hayajabeba kitu ila unga."

Daktari akalitazama gunia lililokuwa pale mezani. Akaushika mshono wake, akaukunjua, akabandika kipande cha selotepu, akakibandua na kukiweka chini ya hadubini. Akainama. Alikaa ameinama kwa muda, akizungusha kigurudumu chake.

"Njoo uone, bwana," akasema.

Mume wangu akaenda. Akatoa kitambaa puani ili aweze kuinama. Akatazama, akanyanyua kichwa haraka kama mtu aliyepigwa kofi, kisha akainama tena.

"Wanatembea," akasema.

Nikamsukuma, nikatazama na mimi. Sikushauri nawe utazame. Vilikuwa vidudu vyeupe, vinene, kama matone ya mafuta yaliyoota miguu na nywele, vinapandana, vinakanyagana migongoni, vinatambaa juu ya punje za unga na juu ya mavi yao wenyewe. Kimoja kilikuwa kimekufa na vingine viwili vikikila. Mwili wangu wote ukaanza kuwasha, kuanzia kichwani.

"Utitiri wa unga," daktari akasema. "Ndugu yake utitiri wa kuku. Kwa macho matupu humwoni, utaona kama vumbi tu. Anapenda stoo yenye unyevu. Kuna mbwa ambao ngozi zao hazimvumilii kabisa. Mbwa analala juu ya utitiri huo, anawashwa, anajikuna, ngozi inachubuka, bakteria wanaingia. Mnakuja kwangu, namuua bakteria. Mnarudi nyumbani, mnamtandikia utitiri mwingine. Mpya. Wa siku hiyohiyo."

Diwani alipiga chafya.

"Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu yote," akaendelea. "Lakini magunia yatoke, alale kwenye shuka linalofuliwa kwa maji ya moto, na usaha huu niupeleke maabara tujue dawa gani inauweza, kwa sababu mwanzoni mliwazoesha bakteria dawa nusunusu. Nipeni nafasi hiyo moja. Sindano haikimbii."

Mume wangu alikuwa bado anaitazama ile hadubini. Akauliza polepole, "Na mikate?"

"Wakiingia tanurini wanakufa."

Akashusha pumzi.

"Wanakufa," daktari akasema, "ila hawatoki."

Mume wangu alitoka nje kwa hatua ndefu, na tukamsikia akitapika kwenye maua ya watu. Mama akaniuliza kuna nini. Nikamwambia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakutuonya kwamba mwenye kuitandika hiyo nguo ni mkweo, tena kwa upendo.

Stoo ile sitaisahau. Ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa bafu letu, na nyuma ya rundo la magunia plasta ilikuwa imevimba, imeota ukungu wa kijani. Juu ya magunia ya chini kulikuwa na vumbi la rangi ya kahawia hafifu. Nikamulika tochi, nikasubiri. Vumbi likasogea. Na juu ya rundo hilohilo ndipo Bwana Nawa alipokuwa akijinyoosha kila mchana, shavu juu ya kitambaa, kwa sababu, kama alivyozoea kusema, ndipo mahali safi kuliko pote nyumbani.

Unga wote ulitupwa. Magunia yalichomwa uani, kuta zikasuguliwa, fundi akaja kuziba bomba, na siku hizo mtaa haukula mkate wetu. Mume wangu alioga, akatoka, akarudi kuoga tena. Kijana mmoja wa tanuri akamnong'oneza mwenzake, "Nyani haoni kundule," nami nikasikia, nikajitia sikusikia. Usiku nilipomwekea chai alikishika kikombe, akakipeleka puani, kisha akakirudisha mezani bila kukinusa, ameona haya. Sikumhurumia hata chembe. Nilifikiria vikombe vyote vya miaka yote, nikamwacha akae na haya yake mpaka chai ikapoa.

Ngozi ya Diwani ilichukua muda, maana maabara ilileta dawa nyingine na ya siku nyingi, lakini ilipopona ilipona. Hajarudia. Mama yuko chumbani kwake hadi leo, na mlio unaotoka humo jioni ni wa kukoroma. Ila mimi ninachokumbuka zaidi ni siku ya kuogesha iliyofuata safari ile, vidonda vikiwa bado vibichi na harufu bado inakata pumzi.

Nilimpa mume wangu ndoo. "Leo unamwogesha wewe," nikamwambia. "Mimi nimechoka kuwa mikono yako."

Hakubisha. Alikunja mikono ya shati, akaingia bafuni bila kitambaa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekishika kichwa cha mbwa magotini. Mume wangu akapiga magoti kwenye vigae. Akanyoosha mkono kuelekea ule mkunjo wa shingo, na mama, aliyesikia mkono ukija, akainua kiganja chake hewani.

"Baba."

"Naam, mama."

"Umenawa?"

Hakuwa anamtania. Ungemwona uso ungejua. Alikuwa analinda kidonda cha mbwa wake dhidi ya mtu wa stoo ya unga.

Mume wangu akanyanyuka. Akaenda kwenye bomba, akanawa hadi viwikoni, akasugua kucha kwa brashi, akarudi, akapiga magoti, akamwonyesha mama viganja vyake, akisahau kwamba haoni. Mama akaipapasa ile mikono mpaka akaipata. Akaivuta karibu na uso, akapitisha pua, kiganja kimoja, kisha cha pili, polepole, na katikati ya vidole.

"Haya," akasema. "Anza na shingo."